Besi ya Mkono wa Kushoto

Muuza duka alipomwona Geuza akiichukua besi ya kwanza ukutani na kuipindua juu chini, alidhani huyu mtu hajapata kushika gitaa tangu azaliwe. Akamsogelea kwa upole wa kibiashara, mkono mbele, tayari kumwelekeza. Geuza akamwambia asante, anajua anachofanya. Muuza duka akarudi kwenye meza yake, akabaki anamtazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati ndani nje nawe unaona haya kumwambia.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Bendi nzima ilimwita Geuza, na sababu ilikuwa hiyo hiyo. Alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, na besi ya kwanza kuishika ilikuwa ya mjomba wake, besi ya watu wa mkono wa kulia kama zilivyo karibu zote. Mjomba alimruhusu kuichezea kwa sharti moja tu: nyuzi zisiguswe, maana jioni anakwenda kuipiga yeye. Mtoto angefanyaje? Aliigeuza. Uzi mnene, ambao kwa binadamu wengine hukaa juu, kwake ukakaa chini, na ule mwembamba ukapanda juu. Alijifunza hivyo, akaoa akiwa hivyo, akapata mapacha akiwa hivyo, na mpaka mvi zinaanza kumchungulia vidole vyake havikuwa vimejua dunia nyingine.

Sasa mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Stoo ya ukumbi walikohifadhi vyombo ilivuja msimu mzima wa mvua bila mtu kujua, na besi yake ya siku zote ikanywa maji mpaka shingo ikapinda. Nyuzi zilisimama mbali na shingo hata kuzibana kukahitaji nguvu za kufungulia mtungi, na ukishabana sauti inayotoka siyo yenyewe, iko pembeni kidogo. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa bendi ni msumari ndani ya kiatu.

Kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu, alivumilia maonyesho kadhaa. Kisha ikaja habari ya hoteli. Mwenye hoteli alitaka bendi ya kudumu, ya kila mwisho wa wiki, na angewasikiliza Jumamosi mchana. Kiongozi akamvuta Geuza pembeni, akamwambia bila kuzunguka kwamba Jumamosi aje na besi inayosema kweli au asije kabisa. Yuko kijana mmoja anayepiga kanisani, besi yake ina nyuzi tano, ameshazungumza naye.

Hapo hapakuwa na mzaha. Geuza hakuwa na kazi nyingine, hakuwahi kujifunza nyingine, na umri wa kujifunza ulimpita akiwa jukwaani. Akimwaga unga huu, anabaki mtu wa kukaa nyumbani kungoja mkewe arudi kutoka kazini saluni. Majirani waliosema tangu zamani kwamba muziki si kazi wangekuja kumpa pole, na hiyo pole aliiogopa kuliko njaa.

Mkewe alikuwa ameweka akiba ya tangi la maji. Akamkabidhi yote, akasema tangi litasubiri, ndoo bado zina vishikio. Haikuwa pesa ya zile besi zilizofungiwa kwenye kabati la kioo. Wala Geuza hakutaka kuitupa kwenye zile za mlangoni, nyepesi kama kopo tupu, zinazoanza kukoroma kabla hujazizoea. Ilikuwa pesa ya ukuta wa katikati, na huo ndio ukuta unaoumiza kichwa. Besi ya bei ya kati siku zote kuna kitu imenyimwa, na kazi yako mnunuzi ni kukigundua hapo hapo dukani na kujiuliza kama unaweza kuishi bila hicho.

Dukani alikwenda na shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayepiga gitaa la solo kwenye bendi hiyo hiyo. Shemeji alikuwa kijana mtanashati, viatu vinang'aa, na alipenda kusimama karibu na vitu vinavyong'aa pia.

Besi ya kwanza, nyekundu, ilikuwa na sauti nzuri ya tumboni, lakini kichwa chake kilikuwa kizito. Ukiachia mkono tu, shingo inaporomoka kuelekea sakafuni, na mkono uliotakiwa kucheza unageuka mkono wa kubeba. Kwa wimbo mmoja sawa, kwa harusi nzima bega lingehama. Ya pili ilikuwa na shingo nyembamba ajabu, vidole vikateleza vyenyewe. Sauti ndiyo ilimsikitisha: ilitokea puani, na alipozungusha vitufe kuitafutia uzito ilivimba bila kushiba. Akairudisha ukutani kwa heshima.

Ya tatu ilikuwa ya kahawia, imeshatumika, ina mikwaruzo ya mkanda wa mwenyewe wa kwanza. Nyuzi zilikaa chini, karibu na shingo, na vyuma vya shingoni havikukwaruza kiganja. Geuza akapiga uzi mnene peke yake, akauacha ulie. Sauti ikamwingia kifuani, ikashuka polepole, ikazimika bila kutetemeka. Akapiga kile kipande kinachoanzisha wimbo wao mkubwa, ule ambao besi hutangulia peke yake, na vidole vikaenda nyumbani bila kuulizwa. Kweli, kwa kuwa ameipindua, vitufe vilikuwa chini ya kiwiko na pembe ya mbao ilimzuia kufikia sauti za juu kabisa. Lakini kasoro hizo alikuwa amelala nazo na kuamka nazo miaka yote.

Angelipia pale pale, tungekuwa hatuna hadithi. Lakini dukani walikuwemo vijana wawili wanaojaribu magitaa, na walikuwa wamenyamaza. Mmoja alikuwa ameinua simu anampiga picha. Mwenzake alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na mabega yanamcheza. Geuza aliwaona. Kibaya zaidi, shemeji naye aliwaona.

"Shemeji," akamwambia kwa sauti ya chini, "hivi utaendelea kupiga juu chini mpaka lini? Jumamosi tunakwenda kwa watu wakubwa."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno likimkuta mtu pale penye kidonda, ubaya wa nini tena? Muuza duka, aliyeyasikia hayo na kung'amua sasa kwamba huyu ni mtu wa mkono wa kushoto, akachangamka ghafla, akaingia chumba cha nyuma. Akatoka na besi nyeusi iliyojaa vumbi, akaipangusa kwa kiwiko. Ilikuwa besi ya mkono wa kushoto hasa, imetengenezwa hivyo kiwandani. Ilistahili kabati la kioo, alisema, ila imekaa miaka hakuna anayeiulizia, kwa hiyo ameishusha mpaka bei ya ukuta wa katikati ili imwondokee.

Geuza akaivaa. Duka lilikuwa na kioo kirefu, na ndani ya kile kioo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alijiona kama mpiga besi wa kwenye mabango. Vitufe chini ya vidole, pembe mahali pake, uzi mnene juu. Uzito ulikaa sawasawa, shingo ilijaa kiganjani bila kukisumbua, na alipoupiga uzi mmoja sauti ilizidi hata ya ile ya kahawia. Wale vijana wakaishusha simu.

Na tusimsingizie kwamba hakujua kuwa nyuzi za besi hii zimepangwa kinyume cha alivyozoea. Alijua vizuri. Ndiyo maana aliijaribu sauti, akaijaribu shingo, akaijaribu mizani, akaugonga ubao kwa kidole, akafanya kila kitu ambacho mnunuzi makini hufanya, isipokuwa kupiga wimbo. Alipiga uzi mmoja mmoja, polepole, kama mwenye kusikiliza sauti tu. Moyoni akajipa matumaini kwamba siku zipo na vidole si mawe, vitafundishika. Akalipa. Muuza duka akamkumbusha kwamba mali ikishatoka mlangoni hairudi, na hiyo nyeusi ndiyo hairudi kabisa.

Nyumbani alijifungia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza wimbo. Alitaka kupanda, vidole vikashuka. Alitaka uzi mnene, akapata mwembamba. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka akawa anapiga kama mtoto anayesoma silabi, na bado kila alipoacha kufikiri mkono ulikimbilia kule ulikozoea. Ilikuwa kama kuambiwa utie sahihi yako kwa mguu. Akarudia siku nzima. Siku iliyofuata akarudia tangu asubuhi, na ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa hata ile njia ya zamani ilianza kumchanganya.

Mazoezi ya bendi aliyakwepa. Alimpigia shemeji amwambie kiongozi kwamba besi mpya inarekebishwa kidogo kwa fundi. Mkewe aliporudi kutoka saluni akauliza chombo kinaendaje, alijibu kinaendelea vizuri, na akaona aibu jinsi uongo ulivyotoka laini.

Halafu akapata wazo. Si nyuzi tu? Azibadilishe. Ule mnene aurudishe chini, mwembamba aupandishe, ibaki besi nyeusi nzuri yenye mpangilio wa nyumbani kwake. Akajicheka kwa kuchelewa kuona. Akalegeza, akatoa, akapanga upya, na hapo ndipo alipokutana na kile kipande cheupe kilicho mwanzo wa shingo, chenye mifuo ya kupitishia nyuzi. Kila mfuo ulichongwa kwa unene wa uzi wake. Uzi mwembamba ukachezacheza ndani ya mfuo mpana na kutoa sauti ya nzi kwenye chupa. Mnene ukakataa kuingia mfuo mwembamba. Ukikazwa unaruka nje.

Fundi wa magitaa aliyemfahamu alisema aje wiki ijayo. Kuazima besi nyingine haikuwezekana, maana nani anaazimisha besi Jumamosi? Basi akachukua tupa ya kunolea visu, akaanza kuupanua mfuo mwenyewe. Alikuwa na haraka, jasho linamwingia machoni. Alisugua, akajaribu, akasugua tena, na akazidisha. Mfuo ukaingia chini mno. Uzi mnene, sauti ya nguzo, sauti inayobeba bendi nzima, ulipopigwa mtupu, bila kubanwa na kidole, ukagonga chuma cha kwanza na kukwaruza kama sufuria inayoburutwa kwenye saruji.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni kwa muuza duka kabla kufuli halijafunguliwa. Alimsihi. Alimwambia achukue nyeusi, ampe ile ya kahawia, na kama kuna nyongeza atailipa kwa kazi yoyote, hata kufagia. Muuza duka aliichukua besi, akaiangalia pale mwanzo wa shingo, akapitisha kidole juu ya alama za tupa. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba kitu hiki sasa hawezi kumuuzia mtu mwingine. Kisha akaongeza, kwa kuwa alidhani anamfariji, kwamba hata hivyo ile ya kahawia iliondoka jana.

Geuza hakukumbuka alivyofika nyumbani. Alikaa sakafuni chumbani, mgongo ukutani, besi miguuni. Hakuwa na mbele wala nyuma. Tangi la maji limekwenda, besi imekwenda, na kesho mchana kijana wa kanisani atasimama mahali alipokuwa akisimama yeye, atapiga mistari aliyoitunga yeye, na watu wataicheza vizuri tu bila kuulizia yule wa zamani yuko wapi. Alifikiria kuzima simu na kwenda mahali. Mahali gani, hakujua. Akalia kama wanavyolia watu wazima, bila sauti, kwa kuona haya hata kuta.

Mkewe alimkuta hivyo aliporudi mchana kuchukua taulo. Akasimama mlangoni, akatazama besi, akatazama tupa, akatazama unga mweupe wa kile kipande juu ya zulia.

"Baba Pacha, umefanya nini?"

Akamweleza yote, tangu kwenye kioo cha dukani. Hakujitetea. Alisema aliipata besi iliyomfaa, ya kahawia, akaiacha kwa sababu walikuwa wanamcheka.

Mkewe hakuwa mwanamke wa kupaka maneno mafuta. "Kwa hiyo pesa yangu ulinunulia kioo," akasema. "Hukununua besi."

"Ndiyo."

"Nimekusikia ukipiga kinyume tangu sijakuzalia. Nani alikuambia ni vibaya?"

Mkewe akavua viatu, akakaa naye sakafuni, amenuna, bega kwa bega. Kisha akamwambia amwonyeshe kilichoharibika ni kipi hasa, maana yeye haelewi. Geuza akaiinua besi kwa uchovu wa mtu anayefunua maiti. Akabana uzi mnene katikati ya shingo, akapiga. Sauti ikatoka nzima, nzito, tamu. Akaachia, akapiga uzi mtupu. Ukakwaruza.

"Nikibana inaimba," akasema. "Nikiachia tu, basi. Na nyimbo zetu zote zinasimama kwenye uzi mtupu. Ningekuwa na kidole cha ziada cha kukaa pale mwanzo wa shingo muda wote, kisiondoke. Sina."

Mkewe akaitazama shingo, akautazama mkono wa mumewe.

"Hicho kidole lazima kiwe chako?"

Akainuka kabla hajajibiwa. Geuza akasikia droo ya jikoni ikifunguliwa, kisha kitu kikivunjika. Akarudi na mpini wa mwiko wake mkubwa na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli alichofungia gunia la mkaa. Akaulaza mpini juu ya nyuzi zote, kwenye chuma cha kwanza kabisa. Geuza alikuwa ameshaelewa kwamba hicho ndicho kidole cha ziada. Wakauchonga mpini kwa kisu upande mmoja ukae bapa, wakaukandamiza, wakazungusha mpira nyuma ya shingo, mke anavuta kwa meno, mume anafunga. Nyuzi zote sasa zilibanwa pale na mwiko, na kile kipande kilichoharibika hakikuwa na usemi tena. Akalegeza nyuzi nusu sauti ili kila kitu kirudi mahali pake. Akapiga uzi mnene mtupu.

Haukukwaruza. Mkewe akasema atachelewa saluni, akatoka bila kuaga, na ngazi nzima alikuwa anapangusa macho kwa taulo la wateja.

Jumamosi mchana ukumbi wa hoteli ulikuwa bado unapigwa deki, viti vimepandishwa juu ya meza. Kijana wa kanisani alikuwapo. Alikuwa amekaa pembeni na begi la besi mapajani, amevaa shati jeupe, na alimwamkia Geuza kwa adabu iliyomkata maini. Shemeji alipouona mwiko alifumba macho. Geuza alikwenda moja kwa moja kwa kiongozi.

"Kiongozi, nilikosea, tena kwa ujinga wangu. Lakini inapigika. Nipe wimbo mmoja tu. Ikikataa, natoka mwenyewe, hutanifukuza."

Kiongozi aliutazama mwiko, akautazama mpira, akamtazama usoni kwa muda ambao Geuza aliuona mrefu kuliko wiki yote. Akageukia bendi, akataja ule wimbo ambao besi hutangulia peke yake.

Huo ndio aliouogopa, maana hapo hakuna ngoma ya kujifichia. Mwenye hoteli alikuwa amekaa na kikombe chake. Geuza akapiga. Uzi mtupu ukatoka mzito, mzima, ukapita sakafuni mpaka kwenye meza, na vijiko vikasikika kwenye visahani. Akapanda, vidole vikapanda. Akashuka, vikashuka. Mwanzoni alisikiliza mpira tu, akingoja uteleze, akingoja ile sauti ya sufuria. Kufika ubeti wa pili alikuwa ameusahau. Alipiga kwa roho yote ya mtu aliyekwisha kujizika jana yake, na mpiga ngoma akamgeukia akatabasamu, na shemeji akasogea karibu naye badala ya kusimama mbali kama alivyozoea.

Walipomaliza, mwenye hoteli hakupiga makofi. Aliweka kikombe chini, akanyoosha kidole.

"Huyo wa besi. Hicho alichofunga pale ni nini, mwiko?"

Shemeji alicheka kidogo kwa fadhaa, hakuna aliyemfuata. Uso wa Geuza ukawaka moto. Kijana wa kanisani, pale pembeni, alikuwa ameshaanza kufungua zipu ya begi lake.

Kiongozi alikuwa anafuta mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa. Hakuinua macho.

"Ni mwiko," akasema. "Huyu ndiye besi wetu, na anapiga hivyo. Ukituchukua sisi, unachukua na mwiko wake."

Geuza akainama haraka, akaanza kukaza mpira ambao haukuwa umelegea.